Hongo ya Njiani na Amana ya Ghalani

Jumamosi moja ya mwezi Machi mwaka 2013 nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nyumbani kwangu Tabora, redio ndogo ikiwa pembeni juu ya kigoda, nikisikiliza taarifa ya habari kama ilivyo desturi yangu tangu nilipostaafu. Mtangazaji akasema kwamba katika nchi ya Kupro, kisiwa kilichoko katika Bahari ya Mediterania, serikali imekubaliana na wakopeshaji wake kwamba kila mwenye fedha benki akatwe sehemu ya fedha hizo ili nchi iokoke. Benki zilikwisha kufungwa ili watu wasiwahi kuzitoa.

Nilijikuta nimesimama. Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele kibarazani, akaniuliza, "Kuna nini tena, Baba Asha?"

"Wamechukua amana za watu," nikamjibu.

"Watu gani?"

"Watu wa Kupro."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye ungo wake. "Nawe una kitu gani huko Kupro?"

Sikuwa na kitu Kupro. Nilichokuwa nacho kilikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chetu, nacho ni daftari moja la zamani lenye jalada gumu la bluu. Habari za daftari hilo nitazieleza mbele. Kwanza, ndugu msomaji, niruhusu nieleze kisa cha Kupro, kisha nikuchukue katika barabara yetu ya zamani ya misafara, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa historia na sijui kufikiri juu ya jambo jipya bila ya kuliweka kando ya la kale.

Kupro ni nchi ndogo, watu wake hawafiki milioni moja. Lakini benki zake zilikuwa zimenenepa kupita kiasi, mali zake zikizidi mara kadhaa pato la mwaka mzima la nchi. Fedha nyingi zilikuwa za wageni, hasa matajiri wa Urusi. Benki mbili kubwa, Benki ya Kupro na Laiki, zilikuwa zimeikopesha sana serikali ya Ugiriki kwa kununua hati zake za mkopo. Ugiriki iliposhindwa kulipa, na waliokuwa wakiidai wakalazimika mwaka 2012 kusamehe sehemu kubwa ya deni, benki za Kupro zikapata hasara ya mabilioni ya yuro. Serikali haikuwa na ubavu wa kuziokoa, ikaomba msaada kwa nchi wenzake za Ulaya na kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Ikajibiwa kwamba itakopeshwa yuro bilioni 10, lakini yenyewe itafute bilioni 5.8 kwa wenye amana. Ndipo alfajiri ya tarehe 16 Machi 2013 ikatangazwa kuwa mwenye amana isiyozidi yuro 100,000 atakatwa asilimia 6.75, na mwenye zaidi ya hapo atakatwa asilimia 9.9.

Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Sheria za Ulaya zilikuwa zimewaahidi wenye amana kwamba benki ikianguka watalipwa fedha zao hadi kufikia yuro 100,000. Kumbe katika mpango huu benki haikuhesabiwa kuwa imeanguka. Fedha zingekatwa kwa jina la kodi, na ahadi ile ingebaki kwenye karatasi bila kuvunjwa. Mjane mwenye yuro 5,000 za maziko yake angekatwa yuro 337 na nusu, na sheria ingesema kwamba hakuna ahadi iliyovunjwa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hapa deni lilibadilishwa jina ili lisilipwe.

Watu wakaingia barabarani. Tarehe 19 Machi Bunge la Kupro likapiga kura. Wabunge 36 wakapinga, 19 hawakuwa upande wowote, wala hakuna hata mmoja aliyeunga mkono. Hata chama kilichokuwa kikitawala hakikuthubutu kuinua mkono. Yaliyofuata baada ya kura hiyo nitayaeleza, ila kwanza turudi nyumbani.

Sisi watu wa Tabora tunakaa juu ya barabara. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Barabara moja ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na kufika Unyanyembe. Hapa iligawanyika, moja ikaenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema, nyingine ikapanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba vitambaa, shanga na nyaya kwenda bara, wakarudi na pembe za ndovu. Njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na haifai kuisifu barabara bila ya kulikumbuka hilo.

Katika barabara hiyo kulikuwa na desturi mbili kuhusu mali ya mtu. Ya kwanza ni hongo. Siku hizi neno hili lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia. Msafara ulipofika katika nchi ya mtemi, hasa kule Ugogo ambako maji ni haba, ulitua mizigo, wajumbe wakaenda kwa mtemi, wakabishana siku mbili tatu, kisha vitambaa vikahesabiwa na ngoma ikalia kwamba njia iko wazi. Wasafiri walinung'unika sana juu ya hongo. Hata hivyo kila mwenye msafara aliijua kabla ya kuondoka pwani, akabeba vitambaa vya ziada kwa ajili hiyo. Ilikuwa gharama ya kupita, nayo ilidaiwa mchana kweupe na mtu anayejulikana, mbele ya mwenye mali mwenyewe.

Desturi ya pili ni amana. Mfanyabiashara hakuweza kutembea na mali yake yote, hivyo aliacha mizigo katika tembe la mtu anayemwamini, akaenda zake Karagwe au Manyema miezi mingi. Richard Burton na John Speke walipofika hapa mwezi Novemba 1857 walipokewa na tajiri mmoja wa Kiarabu aitwaye Snay bin Amir, aliyewapa nyumba na kuwatunzia mambo yao. Hakukuwa na benki wala polisi. Kulikuwa na neno la mtu, na mashahidi.

Hongo ilileta ugomvi, na hata vita. Karibu mwaka 1860 mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sele, alitaka Waarabu waliokaa Tabora walipe ushuru kwa bidhaa zao. Wao walikuwa wamezoea kukaa bila ya kulipa, wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akawa mtu wa porini, akikata njia na kushambulia misafara, mpaka alipouawa mwaka 1865. Vita hivyo viliharibu nchi na biashara kwa miaka mitano. Lakini ugomvi ulikuwa juu ya kiasi na haki ya kutoza. Kila mmoja alijua anagombania nini, na aliyeshindwa kukubaliana aliweza kugeuza msafara wake akatafuta njia nyingine.

Amana ikivunjwa ni jambo la aina nyingine. Mfano wake mashuhuri katika barabara yetu ni ule wa David Livingstone. Mwezi Oktoba 1871 mzee huyo alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa mgonjwa na amekonda, akitegemea kukuta mali aliyoletewa kutoka Unguja. Aliyekabidhiwa mali hiyo alikuwa mtu aitwaye Sherifu. Alikuta imekwisha yote. Katika yadi 3,000 za vitambaa haikubaki hata yadi moja, na katika ratili 700 za shanga haukubaki hata uzi mmoja. Sherifu alieleza kwamba alipiga ramli kwa msahafu, akaona kuwa mwenye mali amekufa. Alikwisha kumwandikia hata liwali wa Unyanyembe kuomba ruhusa ya kuuza kilichosalia.

Nilipokuwa nikifundisha somo hili wanafunzi walicheka walipofika kwenye ramli. Niliwaambia wasicheke upesi. Mtunza amana anayetaka kula amana hasemi kamwe kwamba anaiba. Hutafuta kwanza sababu yenye heshima. Ama mwenyewe amekufa, ama nchi iko hatarini, ama ni kodi ndogo tu ya mara moja. Na ajabu ni kwamba mara nyingi sababu hiyo anaiamini yeye mwenyewe.

Tabora iliona amana ya aina nyingine ikipotea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani walipozingirwa wasipate fedha kutoka kwao, walianza mwaka 1915 kuchapa noti za muda kwa karatasi waliyoipata. Serikali yao ilipohamia hapa Tabora, ilitengeneza mwaka 1916 sarafu za heli kwa madini ya kuokoteza, na pia sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya ndovu, kwa dhahabu ya Sekenke. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakauingia mji. Mwenye sarafu ya ndovu alibaki na dhahabu yake. Mwenye noti alibaki na karatasi. Bibi yangu alitunza noti chache kama hizo ndani ya kibuyu, na sisi wajukuu tulizichezea mchezo wa duka. Zilikuwa malipo ya babu kwa mizigo aliyobeba. Hakuna aliyemtoza kodi, lakini alitozwa jasho lake lote.

Nikikumbuka hayo, naona kwamba serikali inapobanwa ina njia nyingi za kuufikia mkoba wa mwenye akiba. Kuna njia ya wazi. Jirani zetu wa Uganda waliipitia mwezi Mei 1987, baada ya miaka mingi ya vita na kupanda kwa bei. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi moja mpya, na juu ya hapo ikakatwa kodi ya asilimia 30 ya kubadilisha. Mtu aliyekuja na 10,000 aliondoka na 70. Italia nayo, nchi tajiri, iliamka tarehe 10 Julai 1992 ikakuta serikali ya Giuliano Amato imekata usiku sehemu sita katika kila elfu ya fedha zilizokuwa benki. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini Waitaliano wanausimulia usiku ule mpaka leo.

Na kuna njia ya kimya, ambayo sisi Watanzania tuliijua vizuri zaidi. Katikati ya miaka ya 1980 bei hapa kwetu zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka. Kwa mwendo huo bei huzidi mara mbili katika miaka mitatu. Mwalimu aliyeweka shilingi 1,000 benki alizikuta zote, pamoja na riba yake, ila ziliweza kununua vitu vichache sana kuliko alivyovikusudia. Hakuna mbunge aliyepiga kura juu ya kodi hiyo, wala hakuna aliyeandamana. Msomaji atakayewalaumu watu wa Kupro kwa kelele zao juu ya asilimia 6.75 akumbuke kwamba sisi tulikatwa zaidi, tukanyamaza kwa kuwa hatukuiona panga.

Sasa nifike kwenye daftari la bluu.

Mwaka 1984 nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni katika mkoa huu. Nilikuwa kijana bado, na nilijiona shupavu. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kukabidhi fedha zao za matumizi kwa mhasibu wa shule mwanzoni mwa muhula, naye akaziandika katika daftari hilo. Jina la mwanafunzi, alichoweka, alichotoa, kilichobaki, na sahihi. Juu ya jalada mhasibu alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri neno moja: AMANA. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia paredi, "Mali bila daftari hupotea bila habari. Leteni fedha zenu zikae salama."

Mwezi Septemba mwaka ule fedha za chakula zilichelewa. Wiki ya kwanza tulikopa, wiki ya pili tulikopa, na wiki ya tatu mzabuni akasema hataleta hata kilo moja ya unga mpaka alipwe sehemu ya deni. Stoo ilikuwa na chakula cha siku mbili. Kufunga shule maana yake ilikuwa kidato cha nne wakose mtihani wa taifa. Usiku ule nilikaa ofisini na mhasibu, taa ya kandili katikati yetu. Kwenye kasha la chuma kulikuwa na fedha za wanafunzi. Tukapiga hesabu. Tukikata shilingi 10 katika kila 100 ingetosha kumtuliza mzabuni.

Mhasibu alikuwa mtu mzima kuliko mimi. Akasema taratibu, "Mkuu, hizi si za shule."

Nikamjibu, "Wanafunzi wenyewe ndio watakaokula huo unga." Nilidhani nimetoa hoja isiyojibika. Asubuhi tukakata, na unga ukaja. Niliwatangazia paredi kwamba kila mmoja amechangia sehemu ya kumi kwa ajili ya chakula, na kwamba shule imeokoka. Nilitegemea makofi.

Mchana akaja ofisini kijana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa mfanyakazi wa chumvi kule Uvinza, mpole, asiye na makuu. Akaniamkia, akasimama wima. Akasema, "Mwalimu, naomba kuelewa. Kama ni mchango, mbona hatukuombwa? Kama ni mkopo, mbona haukuandikwa?"

Nilimwambia arudi darasani. Sikumjibu, kwa sababu sikuwa na jibu.

Kabla ya wiki kwisha wanafunzi walikuwa wamepanga mstari mrefu mbele ya dirisha la mhasibu, kila mtu akitaka fedha zake zote. Tuliwapa waliowahi. Kasha lilipokauka tukafunga dirisha, nalo likafunguliwa tena siku kumi baadaye. Muhula uliofuata hakuna aliyeweka hata senti. Fedha zikaanza kulala mabwenini, katika masanduku, ndani ya soksi, ndani ya magodoro. Wizi ukaingia, na pasipokuwa na wizi ikaingia shuku. Mwezi Machi 1985 kijana wa kidato cha pili alituhumiwa kuiba shilingi 80. Wenzake walimpiga usiku mpaka wakamvunja mkono. Siku tatu baadaye fedha zile zilionekana ndani ya godoro la mwenyewe aliyelia kwamba ameibiwa. Alikuwa amezihamisha, akasahau alikozitia. Baba wa yule aliyeumizwa alikuja kumchukua mtoto wake, na kijana hakurudi tena shuleni.

Fedha za serikali zilipokuja nilirudisha kila senti niliyoikata. Imo katika daftari, mstari kwa mstari, na sahihi zao. Walipokea, wakashukuru kwa adabu, wakaondoka. Nilikuwa nimelipa deni la fedha. Lile la pili sikuweza kulilipa.

Basi niliposikia habari za Kupro miaka karibu 30 baadaye, nilijua kitakachotokea. Kwa kweli sikuwa na haja ya ramli. Benki zilipofunguliwa tena tarehe 28 Machi, mtu aliruhusiwa kutoa yuro 300 tu kwa siku, na vizuizi vya kuhamisha fedha viliendelea kwa namna mbalimbali hadi Aprili 2015. Dirisha langu lilifungwa siku kumi, lao karibu wiki mbili, lakini mstari ulikuwa uleule.

Hata hivyo haki inanitaka niseme upande wa pili, maana mimi niliwahi kukaa kwenye kiti kile. Ni rahisi kusema kwamba amana haiguswi. Lakini benki si tembe la Snay bin Amir. Mzigo ulioachwa kwenye tembe ulikaa pale pale. Fedha inayowekwa benki hukopeshwa kwa wengine, na ndiyo maana mwekaji hupewa riba. Inafanana zaidi na mali ambazo Wahindi wa Unguja waliwakopesha wenye misafara. Pembe zikipatikana, wote hufaidi. Msafara ukiteketea, mtu fulani atapata hasara, na hakuna sheria inayoweza kuifuta hasara hiyo. Bunge la Kupro lilipokataa kodi, shimo lilibaki palepale, na swali likabaki ni nani alijaze.

Jibu la pili lilikuja tarehe 25 Machi. Wenye amana za hadi yuro 100,000 hawakuguswa. Laiki ikavunjwa, na wenye zaidi ya kiwango hicho humo wakapoteza karibu fedha zote za ziada. Katika Benki ya Kupro, asilimia 47.5 ya fedha zilizozidi kiwango hicho zilichukuliwa, wenyewe wakapewa hisa za benki. Ukitazama kiasi, pigo hili lilikuwa kali kuliko la kwanza. Wala si wote waliopigwa walikuwa matajiri wa kigeni, kwani hata mifuko ya akiba ya wafanyakazi ilikuwamo. Lakini lilikuwa na jambo moja ambalo mpango wa kwanza haukuwa nalo. Lilifuata mpaka uliotangazwa kabla. Mwenye benki alipoteza kwanza, akafuata mwenye nyingi, na mdogo akalindwa kama alivyoahidiwa.

Nadhani hapo ndipo penye tofauti ya hongo na wizi wa amana, na tofauti hiyo haiko katika ukubwa wa kinachochukuliwa. Hongo ya Ugogo iliweza kuwa nzito kuliko asilimia 6.75. Lakini ilijulikana kabla ya safari. Amana inavunjwa pale mtunzaji anapobadilisha masharti wakati mali iko tayari mikononi mwake na mlango umefungwa.

Hapa kwetu somo hili limeandikwa katika sheria. Tangu miaka ya 1990 tuna bima ya amana, ambayo benki huichangia ili benki moja ikianguka mwekaji mdogo asiangamie. Mwezi Januari 2018 Benki Kuu ilizifungia shughuli benki ndogo tano kwa siku moja, na kinga wakati huo ilikuwa shilingi 1,500,000. Mwaka 2023 kinga hiyo ilipandishwa ikawa shilingi 7,500,000. Kwa mtu aliyeweka kiinua mgongo chake chote mahali pamoja, hata hicho hakitoshi, na kila mstaafu inampasa akijue kiwango hicho kama anavyojua jina lake. Lakini ni mpaka uliotangazwa kabla ya safari, na huo ndio mwanzo wa haki.

Siku hizi vijana wengi wa hapa ni waweka hazina wa vikundi, wa vyama vya kuweka na kukopa, wa misikiti na makanisa. Hunijia kuuliza habari za vitabu vya hesabu. Nami huwaambia kwamba siku moja watabanwa, na fedha za watu zitakuwa mbele yao, na sababu watakayokuwa nayo itakuwa nzuri. Siku hiyo wasipige hesabu usiku. Wangoje kuche, wawaite wenye mali, waeleze shida, waombe, waandike. Ninaamini kwamba kama ningewaita wanafunzi wangu asubuhi ile kabla ya kukata, wangenipa sehemu ya kumi na hata zaidi. Walikuwa watoto wema, na njaa ilikuwa yao pia.

Daftari bado liko katika sanduku. Mke wangu amewahi kuuliza kwa nini silichomi pamoja na karatasi nyingine za zamani. Lina kurasa 96. Zilizoandikwa ni 41, na ya mwisho ni ile ya marejesho. Kurasa zilizobaki hazina kitu, na kila nikilifungua naziona kwanza hizo.